Machipukizi ya Nyanya: Yapi Uyaondoe na Yapi Uyaache Chini ya Jua la Dodoma

Wakulima wa nyanya hubishana sana kuhusu machipukizi ya pembeni, na mara nyingi ubishi hauishi kwa sababu kila mmoja anasema ukweli wa mbegu yake. Aliyepanda Moneymaker akaacha kila kitu kiote atakueleza jinsi shamba lilivyogeuka kichaka, akavuna nyanya ndogo ndogo ambazo nusu yake zilikuwa zimelala chini na kuoza. Aliyepanda Cal J, akapogolea, yaani akaondoa matawi na machipukizi, kama alivyoona kwenye video ya kitalu nyumba (banda la plastiki la kulimia), atakueleza jinsi alivyobaki na fimbo za kijani zenye matunda ya kuhesabika. Wote wawili wamesema kweli, lakini hakuna kati yao anayeweza kumfanyia mwenzake uamuzi.

Kwa hiyo, kabla hujagusa mmea, ni lazima ujue umepanda aina gani, uko katika msimu gani, na nyanya zako zinakwenda kuuzwa wapi. Kwa anayelima Dodoma, iwe ni Makutupora, Hombolo, Bahi, Chamwino au kwenye bustani za makorongoni huko Mpwapwa na Kondoa, naongeza jambo la nne ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi haina sababu ya kulitaja, nalo ni jua kali linalopiga tangu asubuhi bila wingu kwa miezi mingi ya mwaka. Kwa maoni yangu, jambo hili la nne ndilo linalopaswa kuamua ni kiasi gani cha majani kibaki juu ya tunda.

Kulitambua chipukizi

Shika jani moja la mche ambao umekwisha kushika ardhini, kisha fuata kikonyo chake hadi kinapoungana na shina. Kwenye pembe iliyopo kati ya jani na shina, yaani kwapani mwa jani, utaona kichomozo cha kijani kinachoelekea juu, chenye vijani vidogo vilivyojikunja na vinyweleo vingi. Hilo ndilo chipukizi la pembeni. Likiachwa litakuwa tawi kamili lenye majani yake, vichala vyake vya maua na machipukizi yake lenyewe, na hayo nayo yatatoa mengine, mpaka mche mmoja uwe na vilele vingi vinavyogombea maji na mbolea ile ile.

Kichala cha maua hakichomozi kwapani. Hutokea ubavuni mwa shina, kwenye sehemu tupu kati ya jani moja na jingine, na hata kikiwa kichanga kabisa utaona vifundo vidogo vya mviringo mahali ambapo kwenye chipukizi ungeona vijani. Ni vyema kulizoea hili kwa macho kabla ya kuanza kazi, kwa sababu kibarua asiyeelekezwa huvunja vichala vya kwanza, navyo ndivyo vinavyotoa matunda ya mapema. Jani nalo huweza kumchanganya mgeni, kwa kuwa jani moja la nyanya limegawanyika katika vijani vingi na kwa mbali hufanana na tawi. Tofauti yake ni kwamba jani lina mwisho, ilhali tawi lina kilele kinachoendelea kutoa majani mapya.

Wakati mwingine, hasa mmea ukiwa umepewa naitrojeni nyingi, ncha ya kichala cha maua yenyewe huendelea mbele na kuota jani au kitawi. Kivunje kitawi hicho bila kusita, lakini uchukue pia kama taarifa: mmea wenye machipukizi yasiyokwisha, majani mapana ya kijani kilichokolea na maua machache, kwa kawaida umezidishiwa urea au samadi. Kupogolea hakutautibu mmea wa namna hiyo. Punguza mbolea ya kukuzia kwanza.

Mbegu ndiyo inayoanza kusema

Aina fupi, ambazo wengi wetu tunazifahamu kwa majina ya Roma VF, Cal J, Tanya na Rio Grande, hukua hadi kimo fulani, kisha kila tawi humalizia kwa kichala cha maua na kusimama hapo. Mmea wa aina hii haubebi mzigo wake kwenye shina moja, kwani sehemu kubwa ya mavuno iko kwenye matawi ya pembeni, na matunda hukomaa kwa kukaribiana. Ukiyaondoa matawi hayo, shina halitarefuka ili kufidia, kwa sababu mwisho wake limekwisha kuufikia. Kwa aina hizi kazi yako ni ndogo sana: ondoa machipukizi yaliyo chini ya kichala cha kwanza cha maua, ondoa majani yanayogusa udongo, kisha uuache mmea ufanye kazi yake.

Aina ndefu ni habari nyingine. Moneymaker ya zamani ni mfano wake, na mbegu nyingi chotara zinazopandwa kwenye vitalu nyumba, kama Anna F1, zimo katika kundi hili. Shina lake halina mwisho wa asili. Huendelea kupanda juu na kutoa vichala vipya mpaka ugonjwa, ukame au mkulima mwenyewe alisimamishe, na mmea unaotunzwa vizuri huvuka mita mbili. Hapa ndipo kuondoa machipukizi kunapolipa, kwa sababu shina kuu lenyewe lina uwezo wa kuzaa kwa miezi kadhaa, na kila chipukizi unaloliondoa mapema linaachia chakula kiende kwenye matunda yaliyokwisha kutunga.

Zipo pia aina za kati, ambazo hurefuka kuliko fupi lakini husimama baadaye. Hizo zihesabu kama fupi mpaka zikuoneshe vinginevyo, kwa kuwa hasara ya kuacha tawi lisilohitajika ni ndogo kuliko hasara ya kuondoa tawi lililokuwa lizae.

Kama mbegu ulinunua kwenye pakiti, soma pakiti. Kama ulikamua mwenyewe kutoka kwenye nyanya za sokoni, au ulipewa miche na jirani asiyejua jina lake, mmea wenyewe utakuambia ukifika kwenye kichala cha pili na cha tatu. Hesabu majani yaliyopo kati ya kichala kimoja na kinachofuata. Kwenye aina ndefu kwa kawaida utakuta majani matatu hivi, na juu ya kichala cha mwisho shina bado lina kilele kinachoendelea. Kwenye aina fupi utakuta jani moja au mawili tu, wakati mwingine hakuna kabisa, na ncha ya shina inaishia kwenye maua. Mpaka ufikie hapo, ondoa tu yale ya chini kabisa, ambayo hayana faida kwa aina yoyote.

Dodoma ina wakulima wengi wa zabibu, na hapa wanahitaji angalizo lao peke yao. Mtu aliyezoea mzabibu anajua kwamba ukiukata vizuri unachipua upya na kuzaa kwenye matawi hayo mapya, na ndiyo maana mkoa huu huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka kwa kupanga tarehe za kupogolea. Mkono huo uliozoea kukata sana ukipelekwa kwenye nyanya huleta madhara. Mzabibu ni mti wenye akiba iliyohifadhiwa kwenye shina gumu na mizizi ya miaka mingi. Nyanya ni zao la msimu mmoja, na akiba yake karibu yote ni majani uliyonayo mbele ya macho. Kila jani unaloliondoa, umeondoa jiko lililokuwa likipikia matunda.

Jua, na kwa nini shina moja halifai nje

Mwongozo wa kawaida wa aina ndefu husema uache shina moja tu, uondoe kila chipukizi. Ushauri huo ni sahihi ndani ya kitalu nyumba, ambako paa limekwisha kuchuja mwanga, miche imebanwa kwa nafasi ndogo na kila mmea unaning'inia kwenye kamba yake. Ukiuhamishia kwenye uwanja wa wazi wa Makutupora mwezi wa Septemba, utavuna nyanya zilizobabuka.

Tunda likipigwa na jua moja kwa moja, hasa tunda la kijani ambalo mpaka jana lilikuwa limefunikwa na jani, ngozi ya upande ule hupauka kwanza, ikawa nyeupe au manjano hafifu. Siku chache baadaye sehemu hiyo hulegea, hubonyea ndani, na ngozi yake huwa nyembamba na kavu. Baada ya hapo ukungu mweusi huingia na tunda limekwisha. Hata tunda lisilofikia hatua hiyo huweza kuharibika rangi, kwa kuwa rangi nyekundu ya nyanya haitengenezwi vizuri joto la tunda likipita nyuzi 30 hivi za Selisiasi, nalo hubaki na rangi ya chungwa au mabaka ya manjano upande wa juu hata baada ya kuiva. Mnunuzi wa jumla akizigeuza nyanya za juu ya tenga akakuta zina mabaka hayo, ama hushusha bei ya tenga zima au huziita masalo, yaani mabaki yasiyo na bei.

Hapa Dodoma tuko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba hakuna mvua ya kutegemea wala mawingu ya kutosha. Katikati ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini, na joto kali zaidi ni la mchana kuelekea alasiri, likitokea magharibi. Kwa hiyo pande mbili za mmea ambazo hupaswi kuziacha tupu wakati wa kiangazi ni kaskazini na magharibi. Jani au chipukizi lililoachwa upande huo likitia kivuli kichala cha matunda lina kazi, hata kama kitabu kinasema liondolewe.

Upepo wa kiangazi nao unachangia. Udongo mkavu wa kichanga chekundu ukiwa mtupu chini ya mmea uliopogolewa sana hupoteza unyevu upesi, na unyevu wa kupanda na kushuka ni chanzo kikubwa cha kuoza kitako na cha matunda kupasuka. Mkulima anayemwagilia kwa ndoo kutoka kisima cha korongoni hawezi kurekebisha hali hiyo kwa urahisi kama mwenye mipira ya matone, hivyo ana sababu zaidi ya kuacha majani mengi na kufunika udongo kwa nyasi kavu.

Mashina mawili kwa aina ndefu

Kwa nyanya ndefu zinazolimwa nje katika mkoa huu, mimi napendekeza mashina mawili. Mmea wa mashina mawili una majani ya kutosha kujifunika wenyewe, bado unapitisha hewa, na unaweza kufungwa kwenye fito bila kuwa kichaka.

Shina la pili huchaguliwa, halichukuliwi lolote tu. Subiri kichala cha kwanza cha maua kionekane, kisha utazame jani lililo chini yake moja kwa moja. Chipukizi linalotoka kwenye kwapa la jani hilo ndilo lenye nguvu kuliko yote yaliyopo kwenye mmea, na kwa kawaida limekwisha kuwa refu kuliko wenzake. Hilo liache, nalo litakuwa shina la pili. Yote yaliyo chini yake ondoa, hadi chini kabisa ardhini. Kuanzia hapo una mashina mawili, na kila moja unalihesabu kama mmea wake: machipukizi yanayotokea kwenye makwapa yake yanaondolewa, isipokuwa lile unaloamua kulifanya kivuli.

Hilo la kivuli lina namna yake. Usiliondoe lote, bali liache litoe majani mawili, kisha ubane kilele chake kwa kucha. Litasimama pale likiwa na majani yake mawili, likifunika kichala kilicho karibu, bila kuendelea kuwa tawi. Likitoa kichipukizi kingine kutoka kwenye kwapa la majani hayo, nacho kibane. Njia hii ina kazi zaidi kuliko kuvunja tu, na katika shamba kubwa hutaweza kuifanya kwa kila kwapa, lakini ukiifanya upande wa magharibi peke yake kwenye vichala vitatu vya kwanza utaona tofauti wakati wa kuchambua matunda.

Nafasi ya kupandia lazima ilingane na uamuzi huu. Miche itakayobaki na shina moja inaweza kukaa kwa sentimita 40 hadi 45 kati ya mche na mche, lakini ya mashina mawili ipe sentimita 60. Aliyepanda kwa kubananisha akaamua baadaye kuacha matawi yote atajikuta hana njia ya kupita na bomba la dawa.

Kusimika fito ni sehemu ya kazi hii hii, kwani hakuna maana ya kupogolea mmea mrefu kisha ukauacha ulale chini. Simika mapema, kabla mizizi haijatanda, na ufunge kwa kamba ya katani au vipande vya kitambaa kwa mtindo wa namba nane, kitanzi kimoja kikizunguka fito na kingine kikilishika shina kwa kulegea, chini ya jani na si chini ya kichala cha maua. Fito za Dodoma zina adui wake, mchwa, ambao huila sehemu iliyo ardhini ndani ya msimu na kuuangusha mmea ukiwa na mzigo. Wakulima wengi huchoma ncha ya fito kidogo kabla ya kuisimika. Wengine husimika nguzo imara chache mwanzoni na mwishoni mwa mstari, wakavuta waya au kamba za manila juu, na kila mmea ukaning'inizwa kwa kamba. Njia hii ya pili hutumia miti michache, jambo ambalo katika mkoa uliokwisha kukatwa miti kiasi hiki lina uzito wake.

Saa, mkono na kisu

Ondoa machipukizi yakiwa na urefu wa sentimita 3 hadi 5. Madogo kuliko hapo hayashikiki vizuri na unaweza kuchubua shina. Makubwa kuliko hapo yamekwisha kula chakula na yataacha kidonda kipana. Lishike kwa kidole gumba na cha shahada karibu na shina, lilaze upande mmoja, kisha upande wa pili, nalo litakatika lenyewe. Usilivute kwenda chini, kwa sababu litaondoka na ukanda wa ngozi ya shina.

Fanya kazi hii asubuhi baada ya umande kukauka. Wakati huo mmea umejaa maji, chipukizi hukatika kwa urahisi, na kidonda kinapata mchana mzima wa kukauka. Ukisubiri mchana mmea unakuwa umenywea na chipukizi hupinda bila kukatika, na ukifanya jioni au mara baada ya kumwagilia kwa juu, kidonda kinalala na unyevu, jambo linalokaribisha vimelea. Rudia kila wiki. Katika joto la Oktoba wiki mbili zinatosha kugeuza kichomozo kuwa tawi.

Kama chipukizi limekwisha kuwa nene kufikia unene wa penseli, usilivunje. Hapa una njia mbili: kulikata kwa kisu kikali, ukiacha kisiki kifupi ili jeraha lisiingie kwenye shina kuu, au kubana kilele chake tu na kuliacha na majani yake. Mimi huelekea kwenye njia ya pili wakati wa kiangazi, kwa sababu tawi kubwa limekwisha kuwa mwavuli wa kitu fulani. Na shamba lililoachwa likawa kichaka lisisafishwe kwa siku moja. Ondoa theluthi ya matawi ya ziada wiki hii, theluthi nyingine wiki ijayo, ukianza na yale yaliyo ndani na chini, ambayo hayapati mwanga. Matunda yaliyozoea kivuli yakifunuliwa yote ghafla hubabuka ndani ya siku mbili au tatu.

Kisu na mikono hubeba magonjwa. Virusi vya batobato na bakteria husafiri kwa utomvu kutoka mmea mgonjwa hadi mzima, na anayepogolea hugusa kila mmea shambani, jambo ambalo hata mdudu halifanyi kwa ukamilifu huo. Nawa kwa sabuni kabla ya kuanza, na anayevuta sigara au kutumia ugoro anawe zaidi, kwa kuwa tumbaku ni ndugu wa nyanya na bidhaa zake huweza kubeba virusi hivyo. Mimea inayoonekana kudhoofika, yenye mabaka au iliyonyauka, iache mpaka mwisho wa kazi, au iondoe kabisa kwa siku nyingine. Ukitumia kisu au mkasi, uchovye kwenye maji yenye dawa ya kufulia ya klorini kila unapomaliza mstari, na mara moja ukigusa mmea unaoutilia shaka.

Baada ya kupogolea kwa nguvu unaweza kuona majani ya chini yakijikunja kwa juu kama mrija, yakawa magumu kidogo. Wakulima wengi hushtuka na kudhani ni rasta, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe, wakakimbilia dawa ya inzi weupe. Tazama vilele kwanza. Mmea wenye rasta huonesha ugonjwa juu, kwenye majani machanga: yanakuwa madogo, kingo zake za manjano, yamekunjamana, na mmea unadumaa na kuacha kutunga. Mmea ulioshtushwa na kupogolewa au na joto hujikunja majani ya zamani, yaliyo chini, ambayo yanabaki kijani, na kilele kinaendelea kukua kama kawaida. Huo hauhitaji dawa. Unahitaji maji ya uhakika na mkono uliopunguza kasi.

Machipukizi yaliyoondolewa yasibaki chini ya mimea. Kantangaze, nondo mharibifu wa nyanya (Tuta absoluta) aliyeingia Tanzania mwaka 2014, hutaga kwenye majani na vilele vichanga, na kiwavi wake huweza kuendelea kuishi ndani ya tawi lililotupwa na kumaliza ukuaji wake pale pale shambani. Yakusanye kwenye mfuko wa plastiki, uufunge na kuuanika juani, au uyafukie kwa kina. Usiwape mbuzi, kwa kuwa majani ya nyanya yana sumu.

Machache yaliyo mazima unaweza kuyatumia. Chipukizi lenye urefu wa shubiri moja, lililotoka kwenye mmea usio na dalili yoyote ya ugonjwa, likiondolewa majani ya chini na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, au kwenye kikombe cha maji yanayobadilishwa, hutoa mizizi ndani ya wiki moja hadi mbili. Kwa mwenye mbegu chotara ambazo huuzwa kwa bei ya kuhesabu punje, hii ni njia nzuri ya kujazia mashimo ambayo miche yake ililiwa na sota, viwavi wakata miche.

Wakati wa mvua

Kuanzia Desemba hadi Aprili hesabu inageuka. Jua limepungua makali kwa ajili ya mawingu, na hatari kubwa sasa ni unyevu unaokaa ndani ya majani, unaoleta bakajani, ugonjwa wa madoa na kuoza kwa majani. Hapa pogolea zaidi: hata kwa aina ndefu za nje shina moja au mawili yaliyo wazi yanavumilika, na kwa aina zote ondoa majani ya chini hadi karibu na kichala cha kwanza kilichotunga, ili matone ya mvua yasirushe udongo wenye vimelea juu yake. Majani mawili au matatu kwa wiki kwa kila mmea yanatosha. Usipogolee mvua inapokaribia wala majani yakiwa na maji, hata kama ratiba yako ya wiki imefika.

Msimu huu ndio ambao mara nyingi nyanya huadimika sokoni, na nyanya chache kubwa zisizo na doa zinaweza kumlipa mkulima kuliko matenga mengi ya ndogo. Wakati wa kiangazi, nyanya za Ilula zinaposhuka kwa barabara ya Iringa na kujaza soko la Majengo, ukubwa peke yake hauleti bei, na mwenye aina fupi aliyeacha matawi yote yazae kwa mkupuo anaweza kuwa na hesabu nzuri kuliko aliyetumia vibarua kila wiki.

Kukata kilele

Mmea mrefu hautasimama wenyewe, kwa hiyo wewe ndiye unayepanga mwisho wake, na huku kwetu mwisho hupangwa na maji. Tangu ua lifunguke hadi tunda liive hupita wiki sita hadi nane hivi. Ukijua kwamba kisima chako cha korongoni hupungua sana ifikapo mwishoni mwa Septemba, basi maua yanayofunguka baada ya mwanzoni mwa Agosti hayatakufikisha popote. Yatakunywa maji na kukuachia nyanya za kijani. Bana kilele cha kila shina wakati huo, ukiacha majani mawili juu ya kichala cha mwisho unachokitaka, kwa sababu majani hayo ndiyo yatakayokilisha na kukifunika.

Baada ya kukatwa kilele mmea hujibu kwa kufumua machipukizi kwenye makwapa yote, hata yale uliyodhani yamekwisha kulala. Yafuatilie kwa wiki mbili au tatu, uyaondoe yakiwa madogo, na uyaache tu yale yanayofunika matunda upande wa alasiri mpaka tenga la mwisho litoke shambani.